Migongano ya Metadata katika Kuunganisha Matoleo: Funzo la Smalltalk kwa Wakusanyaji wa Msamiati

1.0 Utangulizi

Makala haya yanazungumzia tatizo ambalo kwa mtazamo wa kwanza huonekana kuwa la mafundi wa kompyuta peke yao, nalo ni mgongano wa metadata pale matoleo mawili ya kazi moja yanapounganishwa. Kwa neno metadata tunamaanisha habari zinazoieleza kazi bila kuwa sehemu ya kiini chake: nani aliiandika, lini, wapi, na kutokana na toleo gani la awali. Tunadai kwamba tatizo hili linawahusu pia wanaleksikografia, wanaistilahi na wahariri wa miswada ya Kiswahili. Tunadai vilevile kwamba jumuiya moja ndogo ya wanaprogramu, yaani watumiaji wa lugha ya Smalltalk, imekwisha kulipitia tatizo hili kwa undani kiasi cha kutupatia funzo.

Haja ya mjadala huu inatokana na mabadiliko katika namna tunavyofanya kazi. Kadi ya mleksikografia wa zamani ilikuwa na neno, mfano wa matumizi, chanzo, na herufi za jina la aliyeikusanya. Kadi mbili za watu wawili hazikuweza kugongana. Ziliwekwa katika sanduku moja, na mhariri akazisoma zote mbili. Leo hali ni nyingine. Tuchukulie kwamba kundi moja la wanafunzi wa uzamili limekwenda kukusanya msamiati wa wachimbaji wa dhahabu huko Bugarama, katika Halmashauri ya Msalala, jirani na mgodi wa Bulyanhulu, na kundi jingine limekwenda Geita. Makundi yote mawili yanaandika katika orodha moja ya kompyuta, kila kundi likiwa na nakala yake, na baadaye nakala hizo hazina budi kuunganishwa. Hapo ndipo kompyuta inapokataa na kudai kwamba pande mbili zimebadili mahali pamoja, ingawa kundi moja liliandika juu ya neno duara na jingine juu ya neno karasha. Kinachogongana si maneno. Ni habari zinazoyaeleza.

Msimamo wetu ni kwamba metadata zote hazina hadhi moja. Ile ambayo chombo cha hifadhi kinaweza kuijua chenyewe haifai kuandikwa ndani ya faili la kazi. Ile ambayo chombo hakiwezi kuijua ni lazima iandikwe, ikae karibu na kitu inachokieleza, na inapogongana iamuliwe na mtu mwenye ujuzi. Kuzichanganya aina hizi mbili ndicho kiini cha tatizo, na ndiko kunakomfanya mtafiti, kwa kuchoshwa na migongano isiyo na maana, aifute hata ile yenye maana.

2.0 Smalltalk na Hifadhi ya Msimbo

Smalltalk ilibuniwa katika miaka ya 1970 kwenye kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox huko Palo Alto, California, na kundi la watafiti wakiwamo Alan Kay, Dan Ingalls na Adele Goldberg. Toleo lililotoka nje ya kituo hicho na kuenea linajulikana kwa jina la Smalltalk-80. Miongoni mwa vizazi vyake ni Squeak, iliyotokea mwaka 1996, na Pharo, iliyojitenga na Squeak mwaka 2008.

Sifa inayoitofautisha Smalltalk na lugha nyingi za programu ni kwamba kazi ya mwandishi haikai katika mafaili ya maandishi ya kawaida. Hukaa katika kile kiitwacho taswira, yaani nakala kamili ya kumbukumbu ya kompyuta, ambamo klasi, methodi, vitu vyote vilivyoundwa, na hata vyombo vya kuandikia huishi pamoja. Mwandishi anafanya kazi ndani ya mfumo ulio hai: anabadili methodi moja, yaani kipande kifupi cha msimbo chenye kazi yake maalumu, na badiliko hilo linaanza kutumika papo hapo. Kila methodi inapobadilishwa, mfumo huibandika herufi za jina la mwandishi pamoja na tarehe na saa. Kwa hiyo metadata katika Smalltalk ni desturi ya tangu zamani, na watumiaji wake wanaithamini: mtu huitazama methodi na kujua mara moja ni nani aliyeigusa mwisho.

Ili kushirikiana, wanasmalltalk walihitaji chombo cha kudhibiti matoleo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Avi Bryant na Colin Putney walitengeneza chombo kiitwacho Monticello. Chombo hiki hukichukua kifurushi cha klasi na methodi, kikakihifadhi katika faili moja lililobanwa. Ndani ya faili hilo, pamoja na msimbo wenyewe, mna jina la toleo, herufi za jina la mwandishi, tarehe na saa, maelezo mafupi ya badiliko, namba ya utambulisho, na nasaba ya toleo, yaani orodha ya matoleo yaliyolitangulia. Nasaba hiyo husafiri na kifurushi popote kiendapo. Katika mazingira ya Monticello peke yake utaratibu huu ulifaa, kwa sababu faili lililokwisha kuhifadhiwa halibadilishwi tena. Toleo jipya huwa faili jipya, na kuunganisha hufanywa ndani ya Smalltalk, na programu inayoijua maana ya klasi, methodi na nasaba.

Wakati huohuo ulimwengu mpana wa programu ulikuwa unahamia kwenye Git, chombo kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya kiini cha Linux. Git hutunza mafaili ya maandishi, na kwa kila badiliko huandika chenyewe nani amelifanya, lini, kwa maelezo gani, na kutokana na toleo lipi. Wanasmalltalk hawakutaka kubaki kisiwani. Dale Henrichs alitengeneza mpangilio uitwao FileTree, ambao hukitandaza kifurushi cha Monticello katika folda za kawaida: kila klasi ikawa folda, na kila methodi ikawa faili lake peke yake. Kwa kuwa nia ilikuwa kutopoteza chochote, metadata ya Monticello nayo ilitandazwa. Nasaba yote ikawekwa katika faili moja liitwalo «version», ndani ya folda ya «monticello.meta», na katika folda ya kila klasi likawekwa faili la «methodProperties.json», lenye orodha ya methodi zote za klasi hiyo, herufi za jina la mwandishi wa kila moja, na tarehe na saa yake.

3.0 Chanzo cha Mgongano

Ili msomaji aone tatizo lilipo, natuchukue mfano wa kifurushi cha kuchunguzia mashairi, chenye klasi iitwayo Ubeti. Mwanaprogramu wa kwanza, katika tawi lake, anasahihisha methodi ya kuhesabu mizani. Wa pili, katika tawi jingine, anasahihisha methodi ya kulinganisha vina. Kila mmoja ameshughulika na jambo lake, na kwa kuwa kila methodi ni faili lake, Git haioni ugomvi wowote kati ya methodi hizo mbili.

Namna Git inavyounganisha ni hii. Hutafuta toleo la mwisho ambalo matawi yote mawili yalikuwa nalo, kisha hulilinganisha na kila tawi, mstari kwa mstari. Mahali palipobadilishwa na upande mmoja tu, badiliko hilo hupokewa. Mahali palipobadilishwa na pande zote mbili kwa namna tofauti, Git husimama, ikaandika alama za mgongano ndani ya faili, na kumwachia mtu aamue. Git haijui maana ya kilichoandikwa. Inajua mistari tu.

Sasa tazama faili la nasaba. Kila anapohifadhi kazi yake, Monticello huliandika upya: toleo jipya huwekwa mbele, na lililotangulia husukumwa ndani. Waandishi wetu wawili, ambao hawakukutana popote katika msimbo, wamekutana katika faili hili, na hapana budi wagongane. Hali ni hiyohiyo katika orodha ya tarehe za methodi. Ikiwa methodi ya mizani na ile ya vina zimepangwa katika mistari inayofuatana, mabadiliko ya tarehe zake yanaangukia mahali pamoja, na Git inatangaza mgongano mwingine. Matokeo yake ni kinyume cha matarajio: kadiri watu wanavyogawana kazi vizuri, ndivyo migongano yao inavyozidi kuwa ya metadata tupu.

Lililo zito zaidi ni kwamba alama za mgongano zikibaki ndani ya faili la nasaba au la tarehe, faili hilo halisomeki tena kwa kanuni zake, na kifurushi kizima kinaweza kushindwa kupakiwa katika Smalltalk. Msimbo ni mzima na methodi zote mbili zimeunganishwa sawasawa, lakini kazi imekwama kwa sababu ya habari inayosema tu nani aliandika saa ngapi. Waswahili wamesema kwamba fahali wawili hawakai zizi moja. Hapa fahali hao ni nasaba mbili: Monticello inaandika historia yake ndani ya mafaili, na Git inaandika historia hiyohiyo nje ya mafaili, na kila moja inajidai ndiyo yenye ukweli.

4.0 Njia Zilizojaribiwa

Njia ya kwanza ilikuwa ni kurekebisha kwa mkono. Mwandishi hufungua faili lenye mgongano, akachagua upande mmoja au akajaribu kuunganisha nasaba mbili kwa macho. Njia hii haifai kwa kazi ya kila siku. Faili la nasaba halikukusudiwa kusomwa na mtu, na mabano yake yaliyopandana humkosesha mhariri hata mwangalifu. Tena, anayechagua upande mmoja anaikana kimyakimya nasaba ya upande wa pili: historia itasema kwamba kazi ile haikuwahi kuwapo, ilhali msimbo wake umo.

Njia ya pili ni kuiambia Git ichukue mistari ya pande zote mbili bila kuuliza. Git ina uwezo huo, na kwa orodha rahisi za maneno, ambamo kila mstari unajitegemea, wakati mwingine unasaidia. Katika faili lenye kanuni kali za mabano na mikato, huzaa faili lenye mambo yaleyale mara mbili na lisilosomeka.

Njia ya tatu ni ya kitaalamu zaidi. Git humruhusu mtumiaji kutaja programu maalumu ya kuunganisha mafaili ya aina fulani. Thierry Goubier aliandika programu ya namna hiyo kwa mafaili ya FileTree. Programu hii inaijua maana ya inachokiunganisha: kwa faili la nasaba huunda toleo lenye wazazi wawili, na kwa orodha ya tarehe huziunganisha methodi moja moja badala ya mstari kwa mstari. Kwa maoni yetu, hii ndiyo njia inayoonyesha kwa uwazi zaidi chanzo cha tatizo: mgongano ulitokana na mwunganishaji asiyejua lugha ya kitu alichokiunganisha. Upungufu wake ni kwamba kila mshiriki anapaswa kuwa na programu hiyo katika kompyuta yake. Asiyekuwa nayo, au anayeunganisha kwa kupitia huduma ya mtandaoni isiyoijua, hurudi palepale.

Njia ya nne ni kuacha kuandika metadata hiyo kabisa. Goubier huyohuyo, katika chombo chake cha GitFileTree, alionyesha kwamba nasaba ya Monticello inaweza kusomwa kutoka katika historia ya Git yenyewe pale inapohitajika, bila kuihifadhi katika faili. Baadaye Esteban Lorenzano alibuni mpangilio uitwao Tonel, unaoweka kila klasi katika faili moja linalosomeka na mtu. Unapotumiwa pamoja na Iceberg, chombo cha Git kilichomo ndani ya Pharo, mpangilio huu hauandiki tarehe wala herufi za jina la mwandishi kando ya kila methodi. Mgongano umeondolewa kwa kukiondoa kilichokuwa kinagongana.

Hata hivyo, njia hii ina gharama yake, na ni vema kuitaja. Tarehe ya methodi ilikuwa mali ya methodi; sasa ni mali ya historia ya ghala. Kifurushi kikitolewa katika ghala lake na kupelekwa kwingine bila historia, au historia ikikunjwa ili mabadiliko mengi yaonekane kuwa moja, majina ya waandishi hupotea. Tena, Git hujua mistari, haijui methodi, na mstari uliosogezwa tu huweza kuhesabiwa kuwa wa aliyeusogeza. Jumuiya ya Smalltalk ilipima faida na hasara, na kwa jumla ikakubali gharama hiyo.

5.0 Kutoka Smalltalk hadi Bugarama

Je, mambo haya yanatuhusu vipi sisi wa Kiswahili? Mfano wa karibu ni tafsiri za programu za kompyuta. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, wenye makao yake katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa toleo la Kiswahili la OpenOffice lililoitwa Jambo OpenOffice. Tafsiri za programu huria za aina hii kwa kawaida hubebwa katika mafaili ambayo kichwa chake hutaja tarehe ya marekebisho ya mwisho na jina la mtafsiri wa mwisho. Watafsiri wawili wakitafsiri sentensi tofauti kabisa katika nakala mbili, kila mmoja hubadili kichwa kilekile, na nakala zao zinapokutana hugongana kichwani. Huu ni mgongano wa nasaba ya Monticello katika vazi jingine, na dawa yake ni ileile: tarehe na jina ambalo chombo cha hifadhi kinalijua halina haja ya kurudiwa katika kichwa cha faili.

Lakini tusikimbilie kusema kwamba metadata yote ni takataka. Fasihi yetu yenyewe inatukataza. Washairi wengi wa tenzi walikuwa na desturi ya kutaja, katika beti za mwisho, jina la mtunzi, mwaka wa utungo na idadi ya beti. Utendi wa Mwana Kupona, wa mwaka 1275 wa Hijria (1858), una habari za namna hiyo ndani yake. Idadi ya beti ikiandikwa ndani ya utungo, mnakili anayeongeza au kudondosha ubeti mmoja huufanya utungo ujipinge wenyewe, na mhariri wa baadaye huona mgongano. Hata hivyo mgongano huo ni wa thamani kubwa, kwa sababu ndio unaomfunulia kwamba nakala imeguswa. Na jina la mtunzi lisingalikuwamo katika beti, tenzi ngapi tusingalijua ni za nani? Mshairi wa Pwani hakuwa na Git. Historia ya nakala zake haikuwa na mtunzaji mwingine ila utungo wenyewe. Kwa hiyo alifanya sawa kuiandika ndani. Kanuni tuliyoitaja mwanzoni inathibitika kwa pande zote mbili: metadata hukaa ndani ya kazi pale ambapo hakuna chombo kingine cha kuaminika cha kuitunza.

Tukirudi sasa Bugarama, tunaweza kuzigawa habari za mkusanyaji katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la habari za uhariri: nani amegusa ingizo hili mwisho, lini, na hili ni toleo la ngapi. Haya Git inayajua. Kuyaandika ndani ya faili la msamiati ni kukaribisha mgongano kila siku bila faida. Fungu la pili ni la habari za uwandani: neno limesikika wapi, mwaka gani, kwa mtu wa kazi gani, na kwa maana ipi. Haya Git haiyajui na haitayajua kamwe. Tarehe ya kuhifadhi si tarehe ya kusikia. Huenda mwanafunzi amelisikia neno mwezi Julai akaliingiza katika kompyuta mwezi Oktoba.

Jambo la mahali linaonyesha uzito wa fungu hili la pili. Jina Bugarama peke yake halitoshi. Iko Bugarama ya Msalala katika Mkoa wa Shinyanga, na iko Bugarama ya Ngara katika Mkoa wa Kagera. Ukivuka mpaka, jina hilohilo unalikuta Rwanda na Burundi. Mkusanyaji aliyeandika «Bugarama» tu amemwachia msomaji kitendawili, na kitendawili hicho kina matokeo ya kiisimu, kwani mazingira ya Kisukuma yanayouzunguka mgodi wa Bulyanhulu si mazingira ya Kihangaza ya Ngara. Mipaka ya utawala nayo haikutulia. Geita ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Mwanza hadi ilipofanywa mkoa mwaka 2012, na Bukombe, iliyokuwa ya Shinyanga, ikaingizwa katika mkoa huo mpya. Msalala nayo ilikatwa kutoka Kahama. Hivyo ingizo lililoandikwa mwaka 2009 litasema «Geita, Mwanza», na lililosahihishwa mwaka 2015 litasema «Geita, Geita». Nakala mbili zikikutana, kompyuta itaona mgongano. Safari hii mgongano ni wa kweli, na hakuna upande uliokosea. Anayechagua upande mmoja kwa kubonyeza kitufe amefuta ushahidi wa wakati. Jibu sahihi ni kuandika yote mawili pamoja na miaka yake, na hilo ni jibu la mtu, wala si la programu.

Maneno yenyewe yanadai uangalifu huohuo. Neno makinikia, kwa maana ya mchanga wenye madini uliochenjuliwa kwa kiasi na kusafirishwa kwenda kuyeyushwa, lilisikika nchini kote mwaka 2017, serikali ilipozuia usafirishaji wake nje ya nchi. Magwangala ni neno la Geita kwa mawe ya mabaki yanayotoka mgodini. Marudio ni mchanga uliokwisha kuoshwa ambao bado unaweza kutoa kitu. Haya ni maneno matatu ya mabaki ya dhahabu, na tofauti zake ni tofauti za kazi, za mahali na za haki: nani anaruhusiwa kuokota nini. Mleksikografia anayepoteza habari ya mahali na mwaka atayaandika yote matatu kuwa visawe, na kamusi itakuwa imewanyang'anya wachimbaji tofauti waliyoijua vizuri sana.

6.0 Pingamizi

Inawezekana kupinga kwamba haya yote ni mzigo mkubwa kwa kundi dogo la watafiti, na kwamba faili moja linalotumwa kwa barua pepe linatosha. Hatukubaliani na pingamizi hili. Faili linalotumwa kwa barua pepe halikosi migongano, linaificha. Wa mwisho kutuma ndiye anayeshinda, na kazi ya aliyemtangulia inaweza kutoweka bila mtu kuarifiwa. Heri mgongano unaotangazwa kuliko upotevu usiotangazwa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: tukiiachia Git habari zote za uhariri, je, siku ghala litakapokufa au orodha itakapochapishwa, majina ya wakusanyaji yatakuwa wapi? Hili ndilo deni ambalo njia ya nne imewaachia wanasmalltalk, nasi hatuna budi kulilipa mapema. Linalipika kwa mambo mawili. Kwanza, pawe na faili moja la majina ya washiriki na sehemu walizofanya, linalobadilika mara chache tu, na kwa hiyo kugongana mara chache tu. Pili, kila orodha inapotolewa nje ya ghala, historia yake ichapwe na kuambatishwa. Kwa mwanafunzi wa uzamili jambo hili si dogo. Miezi mitatu ya vumbi la karasha inaweza kuwa ndiyo mchango wake wote katika kamusi, na jina lake likimezwa na aliyeunganisha matawi, hakuna atakayelirudisha.

Pingamizi la tatu linatoka upande wa pili: kwamba historia inayotunza kila kitu inaweza kumdhuru mtoa habari. Hili tunalikubali kabisa. Baadhi ya wachimbaji wadogo hufanya kazi mahali ambapo haki yao ya kuchimba ina mashaka, na jina la mtu likiingia katika Git, kulifuta katika toleo la leo hakulifuti katika matoleo ya jana. Kwa hiyo jina la mtoa habari lisiingie katika ghala hata mara moja. Ziingie kazi yake, rika lake na alama aliyopewa. Ufunguo wa alama hizo ukae kwingine, chini ya msimamizi wa utafiti. Ni metadata ya aina ya tatu, inayofaa kujulikana lakini isiyofaa kusafiri.

7.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba mgongano wa metadata katika Smalltalk ulizaliwa na kutoulizwa kwa swali moja, yaani ni nani mtunzaji halali wa kila habari. Swali lilipoulizwa, sehemu kubwa ya migongano iliondoka yenyewe. Kwa wakusanyaji wa msamiati tunapendekeza utaratibu ufuatao, nao uandikwe na kukubaliwa kabla ya kwenda uwandani. Kila neno liwe faili lake, kama kadi ya zamani na kama methodi katika FileTree. Tarehe ya uhariri na jina la mhariri visiandikwe ndani ya faili hilo. Mahali, mwaka wa kusikia, kazi ya msemaji na alama yake viandikwe, na mahali pawe na kata, wilaya na mkoa wa wakati huo. Mgongano wa habari hizi usiamuliwe kwa kuchagua upande, bali kwa kuwauliza wakusanyaji wote wawili, na uamuzi uandikwe katika maelezo ya badiliko.

Idara zetu hufundisha uhakiki wa miswada, leksikografia na uundaji wa istilahi kama taaluma tatu mbalimbali. Kuunganisha matoleo kunadai zote tatu kwa wakati mmoja: jicho la mhakiki linalojua kwamba tofauti ya nakala ni ushahidi, nidhamu ya mleksikografia ya kutaja chanzo, na ujasiri wa mwanaistilahi wa kuamua. Kwa sababu hiyo tunaona kwamba somo la udhibiti wa matoleo lina mahali pake katika mafunzo ya uzamili ya Kiswahili, na kwamba wa kulifundisha awe mwanaisimu aliyekwisha kuona neno likipoteza mahali lilikozaliwa.